Kabla ya Kudai Bando: Tujue Mtandao wa Chuo Unakwama Wapi

Uongozi wa chuo umeiomba serikali ya wanafunzi itoe maoni kuhusu mpango wa kuboresha mtandao na huduma za kompyuta. Nimeyasikia maoni yanayozunguka hosteli, kafeteria na kwenye magrupu ya WhatsApp, na karibu yote ni sentensi moja: "Waongeze bando." Naelewa yanakotoka. Lakini mimi nasoma uhandisi wa kompyuta, na mafunzo kwa vitendo ya mwaka jana niliyafanya kwenye timu ya mtandao ya chuo kingine: wiki nane za kupanda ngazi, kufungua makabati ya swichi na kufuatilia nyaya darini. Nilichotoka nacho huko ni hiki: mara nyingi bando la chuo silo linalokwama. Kinachokwama kiko humu humu ndani, kati ya simu yako na chumba cha seva. Tukidai kitu kimoja tu na tukakubaliwa, mwakani tunaweza kujikuta na bili kubwa na mtandao ule ule.

Kwa nini jambo hili lituume? Kwa sababu mtandao wa chuo si anasa tena. Usajili wa kozi, namba za malipo, matokeo, kazi za darasani na siku hizi hata test, vyote vinapita humo. Ukigoma, mwenye hela ananunua bando la simu na kukusanya kazi yake. Asiye na hela anazunguka na laptopu mkononi akitafuta kona yenye waifai, hadi saa sita usiku inafika na mfumo unafunga. Wote wawili wamefanya kazi, ila mmoja ndiye anayepata maksi. Darasani kwetu nimeliona hili zaidi ya mara moja.

Basi makala hii ni somo fupi. Ukilimaliza, badala ya kusema "net iko slow", uweze kusema imekwama wapi.

Safari ya ombi moja

Chukua kitendo kidogo. Umekaa kwenye ukumbi wa mihadhara, unafungua ukurasa wa maktaba kwenye simu. Ombi lako linatoka kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kile kisahani cheupe cha waifai kilichobandikwa darini. Kutoka hapo linaingia kwenye waya hadi swichi ya jengo, kisanduku chenye matundu mengi ya nyaya ambacho kwa kawaida kimefungiwa kwenye kabati la chuma koridoni au chini ya ngazi. Swichi inalipeleka kwa faiba hadi chumba cha seva, kwenye swichi kuu na ruta. Kama ukurasa unaoutaka unakaa kwenye seva ya chuo, safari inaishia hapo. Kama uko nje, ombi linaendelea hadi kwa kampuni inayotuuzia intaneti, na pengine linashuka baharini kwenye mkongo hadi Ulaya.

Na kabla safari yenyewe haijaanza, simu yako inahitaji vitu viwili. Kwanza inahitaji anwani yake, ili majibu yajue pa kurudi. Pili inahitaji mtu wa kuitafsiria jina la tovuti kuwa namba, kazi ambayo hufanywa na seva ya majina, yaani DNS. Seva hiyo ikizubaa, kila ukurasa unachelewa kufunguka hata kama njia iko wazi kabisa.

Kasi unayoipata haiwezi kuzidi kasi ya kipande kilicho finyu kuliko vyote katika safari hiyo. Kupanua Morogoro Road hakumsaidii mtu ambaye kutoka kwake hadi kwenye lami ni uchochoro wa matope. Bando tunalolipigia kelele ni kipande kimoja tu, kile cha kutoka kwenye ruta ya chuo kwenda nje.

Hewani ni kwa zamu

Wengi tunadhani waifai ikionyesha mistari yote imejaa, basi kasi ni nzuri. Mistari ile inaonyesha nguvu ya mawimbi tu, haisemi mko wangapi. Katika chaneli moja ya waifai, kifaa kimoja tu ndicho kinachoweza kusema kwa wakati mmoja, vingine vinasubiri. Mkiwa 20, zamu inarudi haraka. Mkiwa 200 kwenye kisahani kimoja, muda mwingi unaliwa na kugombea zamu. Tena simu iliyo mbali, tuseme ya mtu aliyekaa nje ya dirisha, inasema polepole kwa sababu mawimbi yake ni hafifu. Inakalia zamu muda mrefu na kuwachelewesha hata walio chini ya kisahani.

Masafa nayo yana mipaka. Masafa ya gigahezi 2.4 yanafika mbali, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na kasi kubwa, ila hayafiki mbali na ukuta wa tofali unayachosha. Kwa hiyo dawa ya ukumbi wa watu 400 si kufunga kisahani kimoja chenye nguvu nyingi. Dawa ni kufunga vingi vyenye nguvu ndogo, kwenye gigahezi 5, vinavyopishana chaneli. Na dawa ya hosteli si kisahani kimoja mwanzo wa koridoni kilichoachiwa kazi ya kupenya kuta za vyumba 20.

Anwani zinapokwisha

Umewahi kuona simu inazunguka kwenye kutafuta anwani ya IP mpaka unachoka? Hapo bando halina kosa. Mtandao wa ukubwa unaotumika sana, unaoandikwa /24, una anwani zisizozidi 254 za kugawa. Sasa weka wanafunzi 300 ukumbini, kila mmoja na simu yake, na 100 kati yao wana laptopu pia. Hivyo ni vifaa 400. Karibu 150 vitakosa anwani, hata kama chuo kina bando la kuhudumia wilaya nzima.

Kuna na suala la muda. Seva inayogawa anwani huzikodisha kwa kipindi fulani. Kipindi hicho kikiwekwa saa 24, waliokuwa na lekcha saa 2 asubuhi wanaondoka na anwani zao mfukoni, na wanaoingia saa 4 wanakuta ghala tupu. Kupunguza muda huo hadi saa moja, au kupanua mtandao huo hadi /22 wenye anwani 1,022, ni kazi ya kubadilisha mipangilio, si ya kununua vifaa. Nikiwa mafunzoni nililiona likifanyika mchana mmoja, na malalamiko ya ukumbi ule yakaisha. Ombi la kuongeza bando kwa ajili ya ukumbi huo huo lilikuwa bado liko mezani kwa mtu.

Nyaya, swichi na radi

Waya wa mtandao wa shaba unafanya kazi vizuri hadi mita 100. Ukizidi hapo, mawasiliano yanaanza kupotea njiani. Kati ya jengo na jengo inatakiwa faiba, na sababu si umbali peke yake. Faiba inabeba mwanga, haibebi umeme. Waya wa shaba uliopita nje kuunganisha majengo mawili ni njia nzuri ya radi kuingia ndani, na msimu wa mvua ukifika swichi zinaungua upande huu na upande ule kwa pigo moja. Ukiona jengo fulani linapotea mtandaoni kila masika, ulizia waya wake.

Halafu kuna umri. Unaweza kununua visahani vya kisasa vyenye kasi ya gigabiti, ukavifunga kwenye swichi kuukuu yenye matundu ya megabiti 100. Hutapata zaidi ya megabiti 100 kwa kila kisahani. Na kama waya unaotoka kwenye swichi hiyo kwenda chumba cha seva nao ni wa megabiti 100, basi jengo zima, ghorofa zote, linagawana hizo 100. Vifaa vipya vitang'aa darini na kasi itabaki ya zamani. Ndiyo maana mpango wowote wa uboreshaji unaotaja visahani bila kutaja swichi unatakiwa uulizwe maswali.

Umeme hausahauliki. Visahani vingi hupata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, kutoka kwenye swichi. Umeme ukikatika, laptopu yako ina chaji, chumba cha seva kina jenereta, lakini swichi ya jengo lako imezima na waifai imekufa nayo. Betri ndogo ya UPS kwenye kabati la swichi ingewapa saa moja ya kumalizia kazi. Lakini betri hizo nazo huchoka baada ya miaka michache, na asipopangwa mtu wa kuzibadilisha, UPS inabaki kuwa pambo zito tu.

Mfumo kugoma si mtandao kugoma

Hapa ndipo tunapochanganya zaidi. Siku ya mwisho ya usajili, au matokeo yanapotoka, ukurasa unazunguka weee hadi unakata tamaa, na wote tunailaani waifai. Fanya jaribio la dakika moja: zima waifai, washa data ya simu, jaribu tena. Kama bado umegoma, tatizo haliko kwenye waifai wala kwenye bando la kutokea nje. Karibu kila mara iliyolemewa ni seva inayoendesha mfumo, au hifadhidata iliyo nyuma yake.

Seva hupokea maombi machache kwa wakati mmoja, mengine yanapanga foleni. Kila mwanafunzi anayekasirika na kubonyeza upya anaongeza ombi jingine kwenye foleni ile ile. Kwenye Moodle hali ni hiyo hiyo: kozi kumi zikipangiwa mwisho wa kukusanya kazi Jumapili saa 5:59 usiku, maelfu ya mafaili yatapakiwa ndani ya nusu saa ya mwisho. Kuongeza bando hapo ni kupanua mlango wa geti wakati foleni iko kwa mhasibu.

Dawa zake ni nyingine kabisa: kuipa seva kumbukumbu zaidi, kuihamishia hifadhidata kwenye mashine yake, kuupima mfumo kwa mzigo bandia kabla ya muhula kuanza. Na nyingine ni za utaratibu tu: kila ndaki ipewe siku yake ya usajili, na wahadhiri wasirundike siku moja. Hizi za utaratibu hazina gharama, ila zinahitaji mtu wa kuziomba. Mtu huyo ni sisi.

Sasa bando lenyewe

Sisemi bando halina maana. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabiti 1,000. Wanafunzi 2,000 wakitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja ana nusu megabiti, wakati video ya kawaida ya YouTube ya 720p inataka kama megabiti 2.5. Hesabu hiyo haidanganyi. Lakini kujua kama njia imejaa hakuhitaji kubishana. Kila ruta ya maana hutoa takwimu zinazochorwa kama mchoro wa matumizi ya siku nzima. Mchoro ukipanda asubuhi, ukagonga dari na kukaa bapa kama meza hadi jioni, njia imejaa na bando liongezwe. Ukiwa na vilele vinavyopanda na kushuka bila kufika dari, huku wanafunzi wanalalamika, tafuta kosa ndani. Mchoro huo mmoja unamaliza ubishi wa mwaka mzima, na hakuna sababu ya kufichwa.

Tukumbuke pia kwamba kuna njia za kununua pamoja. Vyuo vya Tanzania vina mtandao wao wa elimu na utafiti, TERNET, kama Kenya ilivyo na KENET na Uganda RENU. Vyuo vikijiunga pamoja vina sauti kubwa zaidi mezani kuliko chuo kimoja kikijadiliana peke yake.

Kisha kuna somo la Mei 2024. Tarehe 12 mwezi huo mikongo miwili ya baharini inayohudumia pwani yetu, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hata chuo chenye bando nono kinateseka. Lakini huduma iliyo kwenye seva ndani ya chuo haihitaji kupita baharini: Moodle, maktaba ya kidijitali, mfumo wa matokeo vingeweza kuendelea kama kawaida kwa aliyeko kampasi. Ukihamishia kila kitu kwenye seva za ng'ambo, mkongo ukikatika unakosa hata notisi za mhadhiri aliye jengo la pili. Kuna sababu nzuri za kukodi seva nje, kama usalama wa nakala na urahisi wa kukuza mfumo. Ila uamuzi huo ufanywe tukijua tunachokipoteza, na nakala ya huduma muhimu ibaki nyumbani.

Na sisi wenyewe

Haki ya kudai inakuja na wajibu. Hosteli nyingi zina mtu aliyenunua ruta yake ndogo na kuichomeka kwenye tundu la ukutani ili chumba chake kiwe na waifai nzuri. Ikichomekwa vibaya, ruta hiyo inaanza kugawa anwani zake kwa majirani wote, na koridoni nzima inapotea bila kujua kwa nini. Mwingine anachomeka waya mmoja pande zote mbili kwenye swichi ileile, ujumbe unazunguka kwenye kitanzi usiisha, na kama swichi hazikupangwa kujikinga, ghorofa nzima inazima. Kama unahitaji ruta chumbani, waite watu wa TEHAMA wakuwekee.

Na masasisho ya simu: faili la megabaiti 500 likipakuliwa na watu 400 mchana ni gigabaiti 200. Yapange yashuke usiku.

Tuandike nini kwenye maoni yetu

Napendekeza serikali ya wanafunzi ipeleke mambo matano haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza, kupima kabla ya kununua. Chuo kitoe mchoro wa matumizi wa muhula mmoja, idadi ya vifaa kwa kila kisahani saa za msongamano, na idadi ya anwani zilizobaki kwenye kila mtandao.

Pili, yafanywe kwanza yasiyo na gharama: anwani, chaneli, ratiba za usajili na tarehe za kukusanya kazi.

Tatu, fedha zianzie ndani: swichi kuukuu, nyaya za shaba kati ya majengo, betri za makabati, halafu visahani vya kumbi kubwa na hosteli. Bando lifuate, kwa kadiri mchoro utakavyoonyesha.

Nne, kila mtu awe na akaunti yake badala ya neno la siri moja lililobandikwa ukutani, ambalo mtaa mzima unalijua. Kwa akaunti hizo tunaweza pia kujiunga na eduroam, huduma iliyoanzia Ulaya na sasa iko katika nchi zaidi ya 100, ambapo mwanafunzi anaingia kwenye waifai ya chuo kingine mwanachama kwa akaunti ya chuo chake. Anayekwenda field au kongamano chuo kingine hataomba neno la siri kwa mtu.

Tano, mfumo ukigoma siku ya mwisho kwa kosa la seva, muda wa kukusanya kazi uongezwe wenyewe, bila mwanafunzi kwenda kujieleza ofisi kwa ofisi. Seva huandika kumbukumbu ya saa iliyolemewa, kwa hiyo ushahidi upo. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu linamlinda yule asiye na hela ya bando tangu sasa, kabla hata ya swichi moja kubadilishwa.

Wakati tunasubiri, tuanze kupima wenyewe. Ukikwama, andika mambo manne: mahali, saa, kama simu ilipata anwani, na kama huduma ilifunguka kwa data ya simu. Mpe CR wako. Wiki mbili za taarifa hizo kutoka kila ndaki zitaonyesha ni majengo gani yanakosa anwani, yapi yanazima na umeme, na saa ngapi mfumo unalemewa. Uongozi unaweza kuipuuza sentensi ya "waongeze bando". Orodha yenye majengo, tarehe na saa ni ngumu zaidi kuipuuza.